Kumwita Mgeni Amtoe Dhalimu

Ama baad. Enyi ndugu, twasikia Waislamu wakiomba majeshi ya nje yawatoe watawala wao madhalimu. Simlaumu aliaye kwa dhulma. Lakini na atazame Mvita. Wenyeji walimwita Imamu wa Omani awatoe Wareno, na mwaka 1698 ngome ikatekwa. Aliyemtoa dhalimu akakaa, akatawala. Haikutimia miaka 30, Sultani wa Pate, alipogombana na Waarabu wa Omani, akawaita Wareno wale wale! Wakarejea 1728, wakadhulumu tena, hata wenye mji wakawafukuza 1729.

Imamu Nawawi katika Minhaji ameruhusu kutaka msaada wa makafiri vitani kwa masharti: wasihofiwe khiyana, na Waislamu waweze kuwakabili hata wakiungana na adui. Sultani wa Pate hakuwa na nguvu hizo.