Waisomaje Torati?

Soma kwa ajili ya funzo hili: Luka 10:25–37, Warumi 11:13–24, Wafilipi 2:5–11, Yakobo 3:13–18.

Mwanasheria aliyemjaribu Yesu katika Luka 10 alikuwa mtu wa vitabu. Yesu hakumpa jibu, bali alimrudishia swali lenye sehemu mbili: ni nini kilichoandikwa katika torati, na yeye anaisoma namna gani. Sehemu ya kwanza aliijibu sawasawa, hata akakubaliwa. Ya pili ndiyo iliyomshinda. Alijua fungu linalomwamuru kumpenda jirani, lakini akataka kuonyeshwa mpaka wa ujirani ulipo, ili awajue pia wale asiodaiwa kuwapenda.

Swali hilo la pili liliwafikia wasomi wa Biblia wa Ujerumani mwaka 1933. Adolf Hitler alishika madaraka mwezi Januari. Aprili 7 ikatolewa sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma, na kwa kuwa maprofesa walikuwa watumishi wa serikali, sheria hiyo iliingia moja kwa moja vyuoni. Mtu aliyezoea kubishana juu ya maana ya kitenzi cha Kiyunani sasa alitakiwa kuamua kama mwenzake wa chumba cha pili aendelee kula mkate wake au la.

Gerhard Kittel, aliyezaliwa mwaka 1888, alikuwa profesa wa Agano Jipya katika mji wa Tübingen. Baba yake, Rudolf Kittel, ndiye aliyehariri Biblia Hebraica, toleo la Agano la Kale la Kiebrania lililotumiwa na wanafunzi wa nchi nyingi. Mwana naye alikuwa hodari wa maandiko ya marabi, na mwaka huohuo wa 1933 buku la kwanza la kamusi kubwa ya maneno ya Agano Jipya lilitoka chini ya uhariri wake. Mwezi Mei alijiunga na chama cha Hitler. Mwezi Juni alitoa mhadhara kuhusu Wayahudi, ukachapishwa kuwa kijitabu. Humo alishauri kwamba Wayahudi wasihesabiwe tena kuwa raia kamili, bali wakae kama wageni. Hata wale waliobatizwa, alitaka wawe na makanisa yao peke yao.

Ingekuwa nafuu kama Kittel angekuwa amelitupa Agano la Kale, kama walivyofanya baadhi ya wafuasi wa Hitler. Hakulitupa. Alilifungua, akaona humo Israeli aliyehukumiwa na kutawanywa, akasema kwamba kumtenga Myahudi ni kukubaliana na Mungu. Alijiona mtu wa kiasi, anayetoa jibu la Kikristo mahali pa makelele ya mitaani.

Soma Warumi 11:13–24. Paulo anawaonya nini wale waliopandikizwa? Kwa nini msomi anayelijua fungu hili kwa lugha yake ya asili aweze kulipita?

Kittel alimpelekea kijitabu chake Martin Buber, mwanafalsafa Myahudi, kana kwamba alitarajia akubaliwe. Buber alimjibu hadharani. Jibu hilo lilisomwa katika mji wa Breslau, ambako ndiko Kittel mwenyewe alikozaliwa, na profesa mwingine wa Agano Jipya, Ernst Lohmeyer. Huyu alikuwa mwana wa mchungaji, mdogo kwa Kittel kwa miaka miwili tu. Kabla ya hapo alikwisha kumtetea Ernst Cohn, profesa wa sheria aliyekuwa Myahudi, wanafunzi walipomfanyia fujo darasani. Mwezi Agosti alimwandikia Buber. Alimweleza kwamba anakubaliana naye, na kwamba imani ya Kikristo hubaki kuwa ya Kikristo maadamu imeibeba imani ya Kiyahudi moyoni mwake. Aliona uchungu pia kwamba wanatheolojia wenzake wangeweza kuandika na kunyamaza kama walivyofanya.

Barua ni kitu kidogo. Haikumzuia polisi hata mmoja. Lakini Buber, siku zile, alikuwa na haja ya kujua kama katika vyuo vyote vile kuna Mkristo aliyebaki ambaye bado anamwona kuwa jirani, na barua ilimfikia. Msimamo wa Lohmeyer haukupita bure: alihamishwa kwa adhabu kutoka Breslau hadi Greifswald, chuo kidogo kando ya Bahari ya Baltiki, na huko akaendelea kufundisha na kuandika. Ufafanuzi wake wa Injili ya Marko ulitoka mwaka 1937.

Mwaka 1928 Lohmeyer alikuwa amechapisha uchunguzi wa Wafilipi 2:5–11. Alionyesha kwamba maneno yale yanayomweleza Kristo akijifanya hana utukufu na kutwaa hali ya mtumwa yawezekana yalikuwa wimbo wa kanisa la kwanza, ulioimbwa kabla Paulo hajauandika. Itakuwa rahisi mno kusema kwamba fungu hilo ndilo lililomlinda. Kittel alilijua pia. Wala Lohmeyer hakuwa mtu asiye na doa katika mambo ya siasa, kwani vita ilipoanza mwaka 1939 aliitwa jeshini, akavaa sare ya serikali ileile aliyoichukia, akatumika katika nchi zilizotekwa, hata ndani ya Urusi. Anayetafuta shujaa wa kubandika ukutani itambidi asome jambo hili mara mbili.

Vita ilipokwisha mwaka 1945, Lohmeyer aliwekwa kuwa mkuu wa chuo kikuu cha Greifswald chini ya utawala wa Kisovieti. Alipanga kukifungua tena Februari 15, 1946. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikamatwa. Sherehe ikafanyika bila yeye. Mahakama ya kijeshi ya Kisovieti ilimhukumu, na Septemba 19 mwaka huohuo akapigwa risasi. Urusi ilitangaza mwaka 1996 kwamba hakuwa na hatia. Kittel naye alikamatwa na Wafaransa mwaka 1945, akafungwa, akaandika utetezi mrefu, akafa mwaka 1948. Katika utetezi ule alishikilia kwamba alichofanya kilikuwa na msingi wa Biblia.

Soma Yakobo 3:13–18. Yakobo anaitambua hekima kwa alama gani? Je, kuna hata moja kati ya hizo inayoweza kupimwa kwa mtihani wa chuo?

Kamusi ya Kittel haikuzikwa pamoja naye. Wengi waliiandikia, wakiwemo waliokataa siasa yake, kama Rudolf Bultmann wa Marburg. Ilitafsiriwa kwa Kiingereza katika mabuku 10 kati ya mwaka 1964 na 1976, na bado inakaa katika maktaba za vyuo vya theolojia. Mchungaji anayetafuta maana ya neno la Kiyunani lililotafsiriwa “jirani” aweza kuifungua wiki hii, na kwa sehemu kubwa atafundishwa vizuri. Je, aifunge kwa sababu ya jina lililo juu ya jalada? Au aendelee kuisoma, akiwa macho hasa pale inapowazungumza Wayahudi na dini yao? Darasa lijadili, na kila atoaye jibu aseme pia angelimjibu nini Cohn, kama angelikuwa mwenzake kazini mwaka 1933.