Chuo Nacho Kiwe na Ngitili Yake

Mvua zikikaribia, wanafunzi wa vyuo vyetu hupanda miti. Mgeni rasmi huja, fulana hugawiwa, picha hupigwa, na kabla ya saa sita mchana kazi imekwisha. Pita eneo hilohilo mwezi Agosti. Mche umekauka ukiwa wima na ukiuvuta unatoka na kiriba chake, kwa sababu aliyeupanda hakupata muda hata wa kuchana nailoni.

Haraka hiyo sisi wa Kalangalala tunaijua. Mji wetu wa Geita umelelewa na dhahabu. Mchimbaji mdogo hushuka shimoni asubuhi akiomba jioni awe na cha kuuza. Matimba yanayozuia kuta za shimo zisimfukie ni miti iliyokatwa porini, na ni wachache wanaouliza mingine itaota lini. Kijana aliyekulia hapa akienda kusoma Mwanza, Dodoma au Morogoro, hesabu hiyo husafiri naye: toa leo, pata leo.

Jirani zetu wa Shinyanga walijifunza hesabu nyingine kwa shida. Misitu yao ilifyekwa tangu enzi za mkoloni ili kuangamiza mbung'o, ikaja pamba, na miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijijini wakaacha malisho yao waliyokuwa wameyatunza. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipoutembelea mkoa huo aliuita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI.

Vitalu vya miche vilikuwepo, lakini kilichoirudisha misitu ni desturi ya Wasukuma wenyewe, ngitili: eneo linalofungwa mvua zikianza, ng'ombe wasiingie mpaka kiangazi kikolee. Visiki vilivyodhaniwa vimekufa vikachipua. Dagashida, baraza la jadi, likaweka sheria, sungusungu wakazisimamia. Ngitili zilizojulikana mradi ukianza zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia miaka ya 2000 zilipita hekta 300,000. Mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Ninachokiheshimu zaidi katika habari hii ni kujizuia. Mfugaji mwenye ng'ombe wenye njaa alifika mpakani, akaona majani mabichi, akaligeuza kundi. Hapakuwa na mpiga picha.

Wanafunzi wa Afrika Mashariki hawakosi ujasiri. Mwaka 1999 wale wa Nairobi waliingia barabarani kuutetea Msitu wa Karura, uliopiganiwa na Profesa Wangari Maathai, wakakabiliana na polisi. Karura ipo hadi leo. Lakini baada ya maandamano msitu unahitaji mlinzi wa Jumatatu na Jumanne, na hapo ndipo klabu nyingi za mazingira hulegea. Shahada huchukua miaka mitatu au minne. Mninga haukomai kwa muda huo.

Vyuo vyetu vingi vina ardhi: kilima nyuma ya mabweni, bonde lisilojengeka. Humo mna visiki vilivyo hai. Kazi ya kuvitunza haihitaji mgeni rasmi. Unainama kwenye kisiki chenye machipukizi kumi, unachagua mawili au matatu yaliyonyooka, mengine unayapogoa, kisha unafunga kitambaa ili mfyeka nyasi asipitishe panga. Mwakani unarudi. Usipokuwepo, anarudi mwingine anayejua kisiki kipo wapi.

Basi wakuu wa vyuo watenge ekari chache, wazifunge kwa sheria ndogo inayomhusu kila mtu, hata mkandarasi na mpishi wa kantini anayetafuta kuni. Nawe mwanafunzi, ukifika mwaka wa mwisho, mshike mkono mdogo wako wa mwaka wa kwanza, umpeleke akaone kila kisiki, na umkabidhi daftari la visiki hivyo. Ukiondoka bila kumkabidhi mtu, hukuhifadhi kitu. Ulipiga picha tu.