Je, Heshima Yaweza Kulipa Deni?

Mtu akidai ujira wake, halafu akaitwa mbele ya watu, akapewa cheti na kupigiwa makofi, je, amelipwa? Swali hili laonekana jepesi, na mtoto wa darasa la tatu angelijibu mara moja. Lakini sisi watu wazima twajikwaa hapo kila mara, na hasa tunapotaka kuwatunza wazee wetu wa muziki.

Kwanza tulieleze neno, kwa ajili ya vijana. Jazi tunayoisema hapa siyo ile ya Marekani. Wazee wetu waliliazima jina tu. Tangu miaka ya 1930, ilipoanza bendi ya Dar es Salaam Jazz, kundi lolote lenye magita, tarumbeta na dramu liliweza kujiita Jazz, ingawa kilichopigwa mara nyingi kilikuwa rumba, yenye asili ya Kuba, iliyotufikia kwa santuri na kwa njia ya ndugu zetu wa Kongo. Ndiyo tukapata Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, na NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Sisi tuliopita vyuo vya ualimu zamani tulizijua bendi hizo kama tulivyozijua timu za mpira, na ubishi wake ulikuwa mkali uleule.

Katika NUTA Jazz alikuwamo kijana mwimbaji, Muhidini Maalim Gurumo. Mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park, baadaye akaimba Safari Sound, kisha akarudi katika bendi yake ya zamani, ambayo kwa wakati wake iliitwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Majina ya bendi yalibadilika kama vile vyama vya wafanyakazi vilivyobadilika. Sauti ilibaki ileile. Mwaka 2013, akiwa mgonjwa, Mzee Gurumo alitangaza kwamba anastaafu baada ya miaka 53 ya muziki, akaeleza kuwa katika miaka hiyo yote hakupata kumiliki hata baiskeli.

Habari hiyo iliwachoma watu wengi. Mwaka huohuo mwanamuziki kijana, Diamond Platnumz, alimwita mzee mbele ya watu na kamera akamkabidhi gari. Wengi walishangilia. Wengine walinung'unika kwamba kijana ametafuta sifa. Sisi hatumo katika hao wanung'unikaji. Kijana yule hakuwa na deni lolote kwa Mzee Gurumo, wala hakuwahi kumwajiri, wala hakuwahi kuuza kanda zake. Alitoa kilicho chake, na walio na deni wakatazama. Mzee Gurumo alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Aprili 2014. Tangu apewe gari lile hata mwaka haukutimia.

Basi hapo ndipo tunapotaka kusimama. Gari lile lilikuwa zawadi, na zawadi ni jambo jema. Ila zawadi humwacha mpokeaji akisema asante. Mwenye kulipwa haki yake hana haja ya kushukuru sana. Huhesabu fedha, akatia mfukoni, akaenda zake. Mzee aliyefanya kazi miaka 53 kumfanya aseme asante kwa mambo ambayo yangeweza kuwa haki yake, je, huko ndiko kumheshimu?

Tuangalie jinsi kazi yao ilivyokwenda. Bendi nyingi za wakati ule hazikuwa mali ya wapigaji. Vyombo vilikuwa vya chama, vya jeshi, vya polisi, vya shirika la umma au vya tajiri mmoja. Mpigaji akihama, gita lilibaki. Nyimbo zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania, zikapigwa hewani miaka nenda miaka rudi, na nchi nzima ikazisikia bure, kuanzia Kigoma hadi Lindi. Santuri zetu nyingi zilichapwa Nairobi, maana hapa kwetu hapakuwa na kiwanda. Kisha zikaja kanda, na mwenye duka lenye mashine mbili za kunakili aliweza kupata riziki kwa jasho la mtu ambaye hajapata kuonana naye. Sheria mpya ya hakimiliki ilitungwa mwaka 1999, ikaanzisha chama cha COSOTA. Lakini ilifika mwaka 2022 ndipo wasanii wa muziki walipoanza kuona mgawo wa mirabaha kutokana na nyimbo zao kupigwa redioni. Hesabuni wenyewe. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alikufa mwaka 1965, Mbaraka Mwinshehe mwaka 1979, wote wawili kwa ajali za barabarani. Remmy Ongala alikwisha kufa mwaka 2010, na Gurumo mwaka 2014.

Tena tusisahau kwamba Serikali na chama viliwatumia. Walipohitajika watu wa kuusifu Uhuru, wa kulieleza Azimio la Arusha la 1967 kwa mkulima asiyejua kusoma, wa kuwatia moyo askari katika vita ya Kagera, hawakuitwa maprofesa, waliitwa wapiga jazi. Hata hapa kwetu Kizota, katika ukumbi ule ambako CCM ilifanya mkutano wake mkuu mwaka 2012, wajumbe hawakukaa siku nzima kwa hotuba tupu. Muziki ni kazi. Mwalimu akifundisha watu wazima kusoma twasema amefanya kazi ya taifa. Na aliyewafundisha kwa wimbo je?

Twajua baadhi ya wazee wa kanisa watasema: Hao walipiga dansi katika mabaa, watu wakalewa, ndoa zikavunjika, gazeti la kanisa lina habari gani nao? Neno hili si la kudharau. Wapo miongoni mwetu akina mama walioachwa na watoto wakilia njaa huku baba yuko dansini hadi alfajiri. Wamisionari wa kwanza katika nchi hii ya Wagogo, na wazee wetu wa Uamsho baada yao, hawakukataza mambo kwa chuki tu. Walikuwa wameona yaliyowapata watu. Lakini walikataza pia ngoma zetu na mazeze yetu, na leo kwaya zetu zaimba Kigogo kwa kayamba na ngoma mbele ya Askofu, na hapana anayetahayari. Pombe haikutoka katika nyuzi za gita. Tena Remmy Ongala huyo, ambaye nyimbo zake nyingine zilikataliwa redioni, alimaliza maisha yake akimwimbia Mungu. Watu wa Dar es Salaam wanacho kituo cha basi kiitwacho Sinza kwa Remmy. Hakuna kamati iliyokaa kukipa jina hilo; makondakta na abiria walilitia wenyewe.

Wengine wana hoja ya pili, nayo huisema kwa sauti ya chini: Wanamuziki walipata fedha wakazitapanya, leo wanalia nini? Hoja hii sisi walimu wastaafu hatuwezi kuikubali hata kidogo. Tunapokwenda benki kuchukua pensheni, karani hatuulizi kama tulipokuwa vijana tulikunywa, wala kama tulimtunza vizuri mke wetu. Anatazama kitambulisho tu. Pensheni yetu si tuzo ya mwenendo mzuri (na baadhi yetu wangeshukuru kwa hilo). Ni malipo ya kazi yaliyowekwa akiba kwa utaratibu uliopangwa na watu wengine, tena wakati sisi tukiwa vijana wasiofikiri habari za uzee. Tofauti ya mwalimu na mpiga gita haikuwa busara. Mmoja alikuwa na utaratibu wa kumwekea, na mwingine hakuwa nao, au alikuwa nao alipoajiriwa na chama, kisha ukakatika alipohama.

Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Timotheo sura ya tano, anaagiza wajane waheshimiwe, na wazee watendao kazi vema wahesabiwe kustahili heshima mara mbili. Wengi wetu tukisoma hapo twafikiri habari ya kuinama na kuwapisha viti. Lakini msomaji akiendelea mistari michache ataona Paulo anamtaja ng'ombe apuraye nafaka, na mtenda kazi na ujira wake. Kwa nini ng'ombe aingie katika habari za heshima? Neno la Kiyunani lililotumika hapo lina maana mbili: ni heshima, na pia ni bei ya kitu. Mathayo analitumia neno hilohilo anapoandika habari za zile fedha za Yuda, kwamba zilikuwa thamani ya damu. Kwa hiyo watu wa kale walipotaja heshima ya mjane, walikuwa wakitaja na unga wake. Sisi tumezitenganisha maana hizo mbili, tukampa mzee moja na kuiweka nyingine sandukuni.

Huko Marekani, ilikozaliwa jazi yenyewe, nao walichelewa, lakini walifanya jambo ambalo lafaa kuangaliwa. Tangu mwaka 1982 shirika la sanaa la serikali yao limewatunukia wakongwe wa jazi, na wa kwanza walikuwa Roy Eldridge, Dizzy Gillespie na Sun Ra. Tuzo hiyo haikuwa cheti kitupu. Katika miaka ya karibuni kila aliyeipata alipewa dola 25,000. Tena ilitolewa kwa mtu aliye hai, ili aipokee kwa mkono wake. Na Gillespie huyo alipokuwa akiugua ugonjwa uliomwua mwaka 1993, aliiomba hospitali ya Englewood, alikokuwa akitibiwa, iwasaidie wanamuziki wasio na fedha za matibabu. Hospitali ilikubali, na mfuko wenye jina lake ukawatibu wapigaji wengi. Mtu aliyejua shida za wenzake ndiye aliyeomba kitu sahihi.

Kwetu sisi mara nyingi heshima hutoka mbali. Bi Kidude wa Unguja alitunukiwa na maonyesho ya muziki ya WOMEX huko Newcastle, Uingereza, mwaka 2005, akiwa bibi kizee. Hukwe Zawose, Mgogo mwenzetu, aliyefariki mwaka 2003, alijaza kumbi za Ulaya kwa zeze na ilimba, na sahani zake zilitolewa Uingereza; lakini waulizeni watoto wa shule hapa Dodoma kama wanalijua jina lake. Hatusemi wageni wasiwaheshimu watu wetu. Twasema tu ni aibu mgeni kuwa wa kwanza kukujulisha kwamba nyumbani kwako kuna mtu.

Haya yote tusingeyaandika kwa urefu hivi kama yasingekuwa na jambo la karibu. Hapa Kizota tunaye mzee ambaye katika ujana wake alipiga gita la besi katika bendi za jazi, na kwa miaka mingi sasa husali nasi ibada ya kwanza, kiti cha nyuma karibu na mlango, maana miguu inamsumbua. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa hatujamwomba ruhusa. Vijana wameomba kwamba siku ya wazee apewe cheti na kuvishwa kitenge kwa kazi ya maisha yake yote. Ombi lao latufurahisha, na twapenda litimizwe. Lakini mzee huyo huyo huenda kliniki kwa kukopa nauli ya bodaboda, na dawa zake za shinikizo la damu hunywa anapozipata. Kama siku ile tutampiga picha na kitenge, halafu jioni arudi katika hali ileile, basi picha itakuwa yetu, na njaa itabaki yake.

Kanisa halikuwa mwajiri wake, wala si redio iliyopiga nyimbo zake. Ni kweli. Deni lile si letu pekee yetu, na parokia moja haiwezi kulipa deni la nchi nzima. Lakini tuliocheza harusini kwa nyimbo zile tulipata kitu, na tulichokipata hatukukirudisha. Tunaweza kuanza na kidogo kilicho ndani ya uwezo wetu: kadi ya bima ya afya ya mzee na mkewe, ilipwe kila mwaka bila yeye kuja kuomba, na kijana mmoja mwenye kuandika vizuri amsaidie kuorodhesha nyimbo alizotunga, ili madai yake yapelekwe COSOTA angali anakumbuka nani alipiga solo na nani alitunga maneno. Mashahidi wake wanapungua. Tukichelewa miaka mitatu, karatasi hiyo haitakuwa na wa kuijaza.

Tena kuna jambo ambalo mzee mwenyewe alituambia, tulipomwuliza nje ya kanisa angependa nini. Hakutaja fedha. Alisema vijana wa kwaya wanapiga besi kwa kubahatisha, kidole kinakwenda kabla ya sikio, na kwamba angeweza kuwanyosha katika muda wa miezi sita kama wangemletea gita lenye nyuzi nne kamili. Lile la kanisa lina tatu. Mwalimu wa kwaya ameahidi kununua uzi uliopungua, na sisi tunapendekeza mzee alipwe posho kwa kila Jumamosi atakayofundisha, kama wanavyolipwa walimu wengine, mwisho wa mwezi, naye aweke sahihi kitabuni.