Kuumba, Kuunda na Kupandikiza

Kiswahili kimeweka mpaka kati ya vitenzi viwili vinavyokaribiana kwa sauti: binadamu huunda jahazi au kamati, lakini kuumba kumeachiwa Mwenyezi Mungu, ingawa katika lugha za jamaa, kama Kiganda, kitenzi cha shina hilohilo, kubumba, hadi leo ni kazi ya mfinyanzi. Uchapaji wa seli hai unaugusa mpaka huo mahali penyewe. Maabara inapotangaza kwamba imechapa tishu, yaani mkusanyiko wa seli zinazofanya kazi moja mwilini, muumini ana haki ya kuuliza kama mwanadamu ametoka kwenye kuunda akaingia kwenye kuumba, na swali hilo halistahili kupuuzwa wala kujibiwa kwa hofu.

Jibu linaanzia katika namna kazi yenyewe inavyofanyika. Ugumu wa kuchapa vitu vya mwili ni kwamba malighafi yake ni laini mno: kolajeni, ile protini inayoipa ngozi na mishipa uimara wake, hutoka kwenye sindano ya mashine ikiwa majimaji, na isiposhikiliwa huporomoka kabla haijaganda. Mwaka 2015 Adam Feinberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani, walieleza njia ya kuchapa ndani ya jeli badala ya hewani. Chombo hujazwa chembe ndogondogo za jelatini zilizosongamana. Sindano inapopita, jeli huachia njia, na ikishapita, jeli hujifunga nyuma yake, kama uji mzito uliopoa unavyoufuata mwiko, na kile kilichochapwa hubaki kimeelea pale kilipowekwa. Baadaye joto hupandishwa hadi nyuzi 37 za Selsiasi, ambalo ndilo joto la mwili wa binadamu, jelatini ikayeyuka na kuondoka, umbo likasimama lenyewe. Kwa njia hiyo wataalamu hao walionyesha mwaka 2019 sehemu za moyo zilizochapwa kwa kolajeni.

Kwa msomaji Mwislamu, kipimo cha kazi hii kipo tayari katika majina matatu yanayofuatana mwishoni mwa Suratul Hashr: al-Khaliq, al-Bari na al-Musawwir. Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha kufafanua majina ya Mwenyezi Mungu, alikataa kuyahesabu kuwa ni visawe, akayapambanua kwa mfano wa jengo: yupo anayekadiria vipimo, yupo anayesimamisha jengo, na yupo anayelitia nakshi na sura. Mfano huo unafichua mengi ukiwekwa mbele ya mashine ya kuchapa. Programu ya kompyuta hukadiria. Sindano hutia sura. Lakini jambo la katikati, ambalo kwa Mungu ni kukitoa kitu katika kutokuwapo na kukifanya kiwepo, halitendeki popote ndani ya chombo kile. Seli huingia katika mashine zikiwa hai, zimetokana na seli nyingine zilizotokana na nyingine, kama daktari Mjerumani Rudolf Virchow alivyoshikilia mwaka 1855 kwamba kila seli huzaliwa na seli.

Hapa ndipo penye tofauti ambayo mijadala mingi huipita bila kuiona. Katika Kitabu cha Mwanzo, mtu hufinyangwa kwa mavumbi kwanza, kisha hupuliziwa pumzi. Katika Suratu Aali Imran, Nabii Isa hutengeneza umbo la ndege kwa udongo, kisha hupuliza, na udongo huwa ndege kwa idhini ya Mungu. Umbo hutangulia, uhai hufuata. Maabara imeupindua mpangilio huo, kwa kuwa uhai umo ndani ya wino, yaani malighafi yenye seli inayochapwa, kabla ya umbo kuwapo, na kazi yote ya fundi ni kuuhamisha bila kuuzima. Basi anayemtuhumu mtaalamu kwa kuiga uumbaji amemsingizia, na anayejisifu kwamba ameumba amejidanganya. Kitenzi kinachofaa ni kupandikiza, kile ambacho wakulima wa mpunga hukitumia kwa miche na hospitali hukitumia kwa figo, kwa sababu anayepandikiza hukiri kwamba uhai alioushika ameukuta.

Kukiri huko ni suala la maadili pia. Mwaka huohuo wa 2019, timu ya Tal Dvir wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, Israeli, ilichapa moyo mdogo, wa ukubwa wa moyo wa sungura, kwa kutumia seli zilizotokana na mafuta ya tumboni ya mgonjwa, ambazo zilirudishwa kwanza katika hali ya uchanga ili ziweze kugeuka seli za moyo. Uhai ukiwa umekutwa kwa mtu, basi una mwenyewe, na ridhaa yake inapaswa kuombwa kabla sindano haijaguswa. Moyo ule ulikuwa na vyumba na mishipa, na seli zake ziliweza kujikunja na kujikunjua. Hazikuwa bado zimejifunza kusukuma kwa pamoja, na watafiti walilazimika kuzilisha na kuzingoja.