Mcheke, lakini mwashie indiketa

Simama kwenye kipilefti cha Dar es Salaam, usubiri walio ndani wapite kama sheria inavyotaka, uone. Honi zitaanza nyuma yako, na mmoja atatoa kichwa dirishani: "Huyu katoka mkoani!" Nenda na gari hilo hilo Songea, ujaribu kuchomekea kwenye foleni ya magari manne, utasikia wenyeji wakiambizana, "Mwacheni, huyo wa Dar." Ukivuka maji hadi Unguja utaambiwa kwamba gari la Bara hujulikana kwa fujo zake kabla namba yake haijasomeka. Na mtu wa Bara akirudi atasimulia jinsi madereva wawili wa Unguja walivyosimamisha magari katikati ya njia, wakateremsha vioo, wakaulizana habari za wazazi, za watoto na za mvua, ndipo njia ikafunguka.

Kila mahali pana sifa yake. Dereva wa Tanga, wanasema, hana haraka hata akiwa amebeba mgonjwa. Wa Dodoma amezoea kukaa pembeni mashangingi ya serikali yapite. Wa Arusha aliyekulia kwenye magari ya watalii akiona lami huitilia shaka. Na Desemba ikifika, njia yote kutoka Chalinze kupitia Segera na Same huwa ya Wachaga, na Mchaga anayewahi Krismasi nyumbani, ndivyo wanavyosema Wapare wanaomtazama akipita, hajui breki iko wapi.

Ninaupenda utani huu, na nisingependa ufe. Tumelelewa humo. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, na leo wajukuu wao wanatukanana msibani bila mtu kukasirika. Lakini aliyewahi kuona watani wakiwa kazini anajua kwamba kuna sehemu ya pili ya mambo. Mtani anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anaingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote, watu wanacheka huku machozi yakiwatoka. Mtani huyo huyo ndiye aliyefika mapema, akashika jembe, akachota maji, akakesha na wafiwa. Ruhusa ya kukucheka ameilipia kwa kukutumikia. Asiyekuja kuzika hana utani, ana dharau tu.

Ndiyo maana nasema utani wa barabarani nao una deni.

Nimeliona deni hilo likilipwa mlima Kitonga, mkoani Iringa. Malori yanayokwenda Tunduma hupanda pale kwa gia nzito, tela likilia, moshi ukifunika kona. Ukiwa nyuma na gari dogo huoni mbele hata kidogo. Dereva wa lori hakujui. Hajui unatoka wapi wala kabila lako. Anachokiona kwenye kioo chake ni taa zako zikichungulia. Basi anawasha indiketa ya kulia: tulia, kuna kitu kinashuka. Kweli, punde basi linatokea konani na kupita kwa upepo unaotikisa kioo. Lori linasogea kidogo, indiketa ya kushoto inawaka: haya, njia nyeupe. Unatazama kwa macho yako pia, kwa sababu roho ni yako, unapita, unagusa honi mara moja, na mkono unanyanyuka kutoka dirisha la lori. Wengi wao hawakuisomea chuoni ishara hiyo. Waliirithi kwa waliowafundisha kazi, wakiwa bado utingo. Ni utingo huyo huyo ambaye lori likiharibika usiku hukimbilia kichakani kukata matawi na kuyapanga barabarani, ili mtu asiyemjua asije akaingia chini ya tela. Na aliye muungwana, lori likipona, huyaondoa kabla ya kuondoka.

Nikimtazama mtu huyo, zile hadithi za mikoa naona zinapungua uzito. Udereva haumo kwenye damu. Lori hilo likipewa safari nyingine, likafika Rusumo na kuingia Rwanda, dereva anahama kutoka kushoto kwenda kulia mwa barabara, na mwendo wake nao unabadilika, kwa sababu anajua huko hakuna mzaha na spidi. Mtu ni yule yule. Vivyo hivyo kijana aliyetoka Singida akiwa mpole, mpe daladala ya Mbagala. Kila jioni ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari, na kinachozidi ndicho chake na konda. Akiwapisha wote wanaotaka kupishwa, hesabu haitimii. Mwaka hauishi atakuwa anatanua pembeni mwa barabara kama aliyezaliwa huko, na yeye ndiye atakayempigia honi mgeni na kumwita wa mkoani. Dar es Salaam karibu kila anayepiga honi hiyo ana kijiji anachokwenda sikukuu.

Upo pia mzaha nisioukubali. Gari likisita kwenye makutano, watu husema bila hata kutazama, "Lazima ni mwanamke." Utani una majibu, Mpare akitupa, Mchaga anarudisha. Dada huyu harudishi chochote, anapigiwa honi mpaka aingie barabarani kabla ya wakati, na hapo ndipo ajali inapotokea. Vilevile kijana wa bodaboda tunaposema "hao ni wa kufa tu". Aliyewahi kumwuguza ndugu kwenye wodi ya mifupa anajua sentensi hiyo haichekeshi.

Moyo wa kusaidiana tunao, ila mara nyingi tunautumia vibaya. Trafiki akikaa na tochi yake chini ya mwembe, madereva wote wa njia ile huwa ndugu: Mhaya anamwashia taa Mmakonde, tajiri anamwashia wa pikipiki, tuepushane na faini. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973, na kibao cha 50 kwenye maeneo ya makazi kimewekwa kwa ajili ya mtoto anayevuka kwenda dukani. Tunawashiana taa ili tumkwepe askari, kisha tukishampita tunakanyaga mafuta mbele ya shule. Taa hizo hizo zingetosha kumwambia mwenzetu kuwa kuna ng'ombe mbele, kuna gari limekufa konani, kuna watoto wanatoka madrasa.

Basi tutaniane. Wa Dar aitwe mkorofi, wa Tanga aitwe mvivu, wa Unguja asalimie mpaka magari yazimike. Ila anayetaka kumcheka mwenzake barabarani alipe kama watani wanavyolipa: ampishe aliye mgeni na njia, asimame kwenye zebra hata kama wa nyuma anapiga honi, amwashie indiketa ya kweli asiyemjua. Akishafanya hayo, acheke atakavyo. Na akae tayari kujibiwa.