Mvua Moja, Udongo Mbalimbali



Mvua ni ile ile. Ikinyesha juu, katika msitu wa Mbololo, udongo uliofunikwa na majani huinywa polepole. Ikinyesha huku chini Voi, kwenye udongo mwekundu uliokauka, hukimbia na kuchimba korongo. Mvua ni ile ile. Udongo ndio tofauti.

Na sauti nayo ni hivyo hivyo. Mama anaita kutoka jikoni, "Wewe, njoo hapa!" Kifunguamimba anasikia kwamba chai iko tayari. Mdogo wake anasikia kiboko. Mama ni mmoja. Maneno ni yale yale.

Wanaochunguza ubongo wanasema sauti kali huamsha sehemu ndogo ndani kabisa, iitwayo amigdala, hata kama hukuwa unasikiliza. Kwa mwenye tabia ya wasiwasi, sehemu hiyo huelekea kushtuka zaidi. Si kudeka. Si ukorofi. Ni udongo wake. (Nasi tunaopenda kusema "huyu naye, kila kitu kinamuuma" tungenyamaza kidogo.)

Wala mtulivu hajasalimika. Huyo huambiwa jambo zito akadhani ni utani.

Leo utasikia sauti nyingi. Makanga pale stegi. Mteja sokoni. Bosi kwenye simu, na simu huficha uso. Ukihisi umekemewa, kabla hujajibu, uliza: "Umekasirika, ama ni haraka tu?" Kisha mwache amalize.