Kotapini Iliyobaki Kwenye Kopo la Grisi

Mjomba wangu alikuwa na pikapu, Hilux ya mwaka 1986, aliyoitumia kushusha nyanya kutoka Lushoto hadi Mombo. Barabara ile ni kona juu ya kona, huku ukuta wa mlima, huku korongo. Pikapu ilipoanza kugonga mbele kila ikikanyaga shimo, na usukani kuvuta kushoto, mjomba hakufanya ubahili. Alinunua boljointi nne, bushi zote, shokapu mbili na tairodi endi, akampelekea fundi.

Mimi nilikuwa kidato cha pili, na kazi yangu ilikuwa kushika tochi. Fundi alianza vizuri sana. Aliegemeza chesisi kwenye stendi, hakuiamini jeki peke yake. Kabla ya kufungua chochote alizilegeza toshenibaa, zile nondo ndefu zinazofanya kazi ya springi kwa kujisokota, maana ukifungua mkono wa gurudumu nondo ikiwa bado imekazwa, chuma kinafyatuka na kukuvunja. Akazitia alama ya rangi, ya kulia isije ikaenda kushoto.

Jua likazama. Nyanya zilikuwa zimeshavunwa, mjomba akawa hatulii. "Fundi, soko halingoji."

Hapo ndipo kazi ilipoharibika. Bushi zilikazwa magurudumu yakining'inia, ilhali hukazwa gari likiwa chini, limebeba uzito wake. La sivyo mpira wa bushi hubaki umejisokota wakati wote. Kisha, kwa mwanga wa tochi yangu, nikaona kotapini moja imebaki juu ya mfuniko wa kopo la grisi. Kwenye boljointi ya kushoto, tundu la kotapini, kile kipande cha waya kinachozuia nati isifunguke, lilikuwa tupu. Nikamtazama fundi, nikamtazama mjomba, nikanyamaza. Mtoto atamfundisha fundi kazi?

Wiki ya tatu, pikapu ikiwa imeshamaliza mteremko na inaingia Mombo polepole, nati ilimaliza kufunguka. Boljointi ikachomoka, gurudumu likalala chini ya madigadi, gari likasaga lami mpaka likasimama. Matenga ya nyanya yakamwagika barabarani. Mjomba alishuka mzima, lakini dakika chache kabla ya hapo alikuwa juu ya korongo.

Tulipoifungua tena, bushi mpya nazo zilikuwa zimeanza kuchanika. Fedha zote za vipuri hazikumsaidia, kwa sababu vilivyorukwa havikuhitaji fedha: muda wa kushusha gari chini kabla ya kukaza bushi, na kipande cha waya kifupi kuliko kidole. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Wewe unayefufua gari la zamani, usikubali haraka ya saa ya mwisho. Kagua nati moja moja kwa mkono wako. Kila tundu litiwe kotapini mpya, ya zamani itupwe. Gari likapimwe wilo alaimenti kabla halijabeba mzigo, na baada ya siku chache za kutembea lirudi likaguliwe tena.

Na wewe unayeshika tochi, hata kama ndiwe mdogo kuliko wote pale, ukiona tundu tupu, sema.